Mama ameamini asilimia 86 yangu, mi mwenyewe siiamini tena

Shikamoo Mwalimu,

Naomba usitaje jina langu wala shule. Mi ni msichana wa miaka 19, nimemaliza sekondari na matokeo yametoka, nimekuwa wa kwanza shuleni kwetu, hesabu A, fizikia A, kemia B. Nimeshapata nafasi ya uhandisi wa umeme chuo kikuu cha hapa nyumbani na masomo yanaanza wiki saba zijazo. Kila mtu ananipongeza, mi ndo sina raha, na sababu yake ni ndefu kidogo naomba univumilie.

Nikiwa kidato cha pili kaka wa rafiki yangu alinipa flashi yenye video za masomo ya MIT, kile chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, zile wanazotoa bure za OpenCourseWare, ndani yake kulikuwa na masomo ya linia aljebra ya Profesa Gilbert Strang. Nilikuwa naelewa robo tu, narudisha nyuma, naangalia tena. Ni mzee na chaki na ubao, anauliza swali halafu ananyamaza kidogo kama vile mi ndo natakiwa kujibu. Toka hapo nikawa nawaza chuo hicho tu, miaka yote hiyo, hata madaftari yangu nyuma nimeandika MIT.

Sasa mwezi wa sita nikaamua nipige hesabu nijue nina nafasi kiasi gani. Nikafungua Eksel. Nikaanza na asilimia 4.5 manake ndo kama kiwango cha wanaopokelewa pale, nikazidisha mara 2 kwa sababu nimekuwa wa kwanza shuleni, nikazidisha mara 1.5 kwa sababu ni msichana wa sayansi, nikazidisha 0.8 kwa ajili ya ile B ya kemia. Ikaja 10.8. Halafu nikaorodhesha vyuo vinane vya aina hiyo hiyo, vyote vigumu kuingia, nikazidisha 10.8 mara 8 nikapata 86.4. Mwalimu nilifurahi, ile seli nikaipaka rangi ya kijani.

Mama akapita nyuma yangu akauliza hiyo ya kijani ni nini. Nikamwambia ni nafasi yangu ya kupata chuo Marekani, asilimia 86. Akakaa kitandani kimya, halafu akasema, basi mwanangu, hapo Mungu ameshasema. Toka siku hiyo anawaambia dada zake kwenye simu, namsikia kabisa, "asilimia 86".

Hapo ndo akatokea wakala mmoja, alisikia habari zangu kwa mtu anayemfahamu mama. Anataka dola 1,500 kabla ya mwisho wa mwezi, anasema nafasi ni ya uhakika, fomu atajaza yeye na esei zitaandikwa na wataalamu wake. Mama anataka kumpa. Hela yenyewe ni akiba aliyoweka kwa ajili ya ada ya mdogo wangu ya mwakani, nikimuuliza mdogo wangu itakuwaje ananiambia nitajua nitakavyofanya.

Wiki iliyopita sikulala nikarudi kuiangalia ile Eksel. Nikajiuliza ile mara 2 niliitoa wapi. Sikupata jibu. Na ile 1.5 hivo hivo. Mama nimeshindwa kumwambia.

Mwalimu wangu wa fizikia, ambaye ndo ningetegemea aniandikie barua, aliniambia nisijisumbue, wanaoenda huko ni watoto wenye medali za olimpiadi za hesabu. Mjomba yeye anasema utapita tu, we ni kichwa. Nimefanya majaribio ya bure kwenye kompyuta ya SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kila sehemu mwisho ni 800, hesabu nikapata 760, kusoma na kuandika 610. Medali sina, utafiti na profesa sina. Vitu vya nje ya darasa ni kuwafundisha hesabu watoto wa mtaani kwetu jioni, na kuna kifaa nilichounganisha cha kupima volti za nyumbani kwa sababu friji yetu iliungua kompresa, nikawa naandika kwenye daftari kwa miezi minane mpaka nikagundua volti zinashuka pale fundi wa kuchomelea vyuma wa nyumba ya tatu anapowasha mashine yake, ila hicho sio kitu kikubwa.

Ninachokuomba ni hiki. Niambie ukweli nina asilimia ngapi? Na je niache chuo cha hapa nikae nyumbani mwaka mzima nijiandae kuomba, au niende tu chuo nisahau? Nikienda naogopa ndo nimejifungia mlango. Nikikaa naogopa mwakani nitakuwa sina huku wala kule, na mama atakuwa ameshawaambia watu wote.

Msomaji wako, jina nalihifadhi.

MAJIBU YA MWALIMU

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nilishika kalamu nikaanza kupiga mistari. Umeniuliza asilimia, lakini mistari yangu mingi imeangukia kwa mama yako. Kwa hiyo niseme nilivyoielewa halafu we utanirekebisha moyoni mwako: una ndoto ya miaka mingi, ukaipigia hesabu ili iache kukusumbua, ile hesabu ikatoka kwenye kompyuta ikaingia kwenye mdomo wa mama, na sasa hela ya mdogo wako inataka kuifuata. Halafu juu ya hayo yote kuna wiki saba tu na unaona njia ni mbili, kukaa au kwenda. Nadhani hilo la njia mbili tutalifungua kidogo, ila tuanze na hesabu manake ndo iliyokunyima usingizi.

Hiyo 4.5 haiko mbali na ukweli. Kwa walioingia MIT mwaka 2023 walioomba walikuwa karibu 27,000 na waliopokelewa hawakufika 1,300. Ila ndani ya hiyo idadi kuna makundi, na wanaoomba kutoka nje ya Marekani wanagombea nafasi chache zaidi, kwao ni kama wawili katika kila mia. Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni 2. Halafu zile za kuzidisha, mara 2, mara 1.5, mara 0.8, uliniambia mwenyewe hukupata zilikotoka, na mi nakuambia hazipo. Hakuna mtu anazo, hata ofisi ya udahili haina jedwali linalosema B ya kemia inakata humusi. Kuwa wa kwanza shuleni ni jambo la kujivunia kabisa, lakini hebu fikiria nani wengine wako ndani ya hao 27,000. Wengi wao ni wa kwanza shuleni kwao. Yani umejizidishia kwa kitu ambacho tayari kimo ndani ya ile asilimia.

Na kile cha mwisho, kuzidisha mara 8, hapo nataka tukae kidogo kwa sababu we ni mtu wa hesabu na hili litakusaidia hata baadaye. Hata kama kila chuo kingekuwa 10.8 kweli, na hata kama vyuo vingekuwa kama kete unazorusha moja moja, nafasi ya kupata angalau kimoja hupati kwa kujumlisha. Unatafuta nafasi ya kukosa vyote, 0.892 ijizidishe yenyewe mara nane, inakuja kama 0.40, kwa hiyo iliyobaki ni 60, sio 86. Weka 2 badala ya 10.8 na jibu linashuka mpaka kama 15. Halafu vyuo sio kete. Vyote vinane vitasoma matokeo yale yale, SAT ile ile, barua za walimu wale wale. Kama kuna kitu kwenye fomu yako hakijakaa vizuri basi wote wanane watakiona, na kama kuna kitu kinang'aa hivo hivo. Kwa hiyo hata hiyo 15 usiipake rangi.

Najua unasoma hapa roho inauma. Subiri lakini, manake 2 nayo haikuelezi wewe. Inaeleza kundi. Ni sawa na kusema nyumba mbili kati ya mia zina mtu anayeitwa jina fulani, haikuambii kwenye nyumba yako yupo au hayupo. Wanaosoma fomu hawarushi kete, wanasoma mtu, na wanamsoma pale alipokulia: shule yake ilikuwa na maabara au haikuwa nayo, alifanya nini na kile alichokuwa nacho. MIT wenyewe wamekuwa wakisema kwamba sehemu kubwa ya wanaoomba wana uwezo wa kumudu masomo yao, shida ni kwamba nafasi hazitoshi. Ndo maana mtu mwenye 800 ya hesabu anakosa na mwenye pungufu kidogo anapata. Kwa hiyo ukiniuliza asilimia yako sina ya kukupa, na atakayekupa anakufanyia kile ulichojifanyia kwenye Eksel.

Kuna vitu vingine lakini vinajulikana, na hivo nitakupa. SAT kwa mfano. MIT waliirudisha kuwa lazima mwaka 2022. Kwa upande wa hesabu, nusu ya katikati ya wanaopokelewa wako kati ya 780 na 800. Wewe uko 760 kwenye jaribio bila mtu wa kukuelekeza, hapo umekaribia sana. Ile 610 ya kusoma na kuandika ndo inayotaka kazi, na kazi yenyewe ni ya kusoma kila siku kwa miezi, sio wiki. Mazoezi ya bure yapo Khan Academy, huhitaji kulipa mtu.

Sasa mwalimu wako wa fizikia. Inawezekana amekukatisha tamaa, inawezekana pia alikuwa anakukinga, walimu wengi wameona mtoto mwenye akili akivunjika akaacha hata kile alichokuwa nacho. Hajakosea kabisa, wenye medali za olimpiadi wapo kwenye kundi hilo na ni wengi. Ila nina wasiwasi na picha aliyokupa kwamba mlango ni wa medali. Fomu ya MIT ina sehemu ya shughuli za nje ya darasa na wanakupa nafasi nne tu. Nne. Hawataki foleni ya vyeti, wanataka kujua muda wako unaupeleka wapi. Halafu wanataka barua za walimu wawili, mmoja wa hesabu au sayansi na mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Je, huyu wa fizikia amewahi kuliona daftari lako? Mpelekee. Usiende kumbembeleza barua, nenda umwonyeshe zile kurasa umwombe akusaidie kuelewa kitu kimoja usichokielewa ndani yake. Baada ya hapo utajua kama ni mtu wa kukuandikia au umtafute wa hesabu.

Nimefika kwenye daftari, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Katika barua yote hiyo, sentensi moja tu ndo umeiandika ukiwa umeinamisha kichwa, umesema "hicho sio kitu kikubwa". Mi nimeisoma hivi: friji ya nyumbani iliungua. Watu wote wangesema umeme wa huku ndo ulivyo, wakanunua stebilaiza kama hela ipo, basi. Wewe ukaunganisha kifaa, ukapima, ukaandika miezi minane, ukaona namba zina tabia, ukatafuta chanzo, ukampata jirani wa nyumba ya tatu. Miezi minane ya kuandika namba hakuna aliyekutuma wala aliyekupa maksi. Najua wanafunzi wa chuo kikuu wanaopewa vifaa na msimamizi na bado wakishindwa kuandika vipimo wiki mbili mfululizo. Sikuambii kwamba daftari litakuingiza MIT, hilo sina namna ya kulijua. Nakuambia kwamba ulipokaa kwenye Eksel kujipima uliweka namba moja ya shule, jinsia na B ya kemia, na hiki hukukiwekea hata seli. Nataka ujiulize kwa nini. Na kama utaomba, MIT wana sehemu ya hiari ya kuonyesha kitu ulichotengeneza kwa mikono yako, kwa hiyo piga picha za kifaa, picha za kurasa, na zile zenye makosa na zilizofutwa ziache hivo hivo usizinakili upya.

Wakala. Kwenye hili nitaongea wazi kuliko mengine. Hakuna mtu duniani anayeweza kukuhakikishia nafasi MIT wala chuo kingine cha aina hiyo, kwa hiyo akisema uhakika ameshasema kitu ambacho si kweli kabla hujampa hata senti. Ada ya kuomba MIT ni dola 75 na ukiwa huna unaomba msamaha wa ada, upo. Kwenye fomu unathibitisha kwamba kazi ni yako mwenyewe. Esei ikiandikwa na "wataalamu" na ikajulikana, nafasi inafutwa hata kama ulishapokelewa. Mwaka 2019 Marekani kulikuwa na kesi kubwa ya dalali aliyekuwa akiwaingiza watoto vyuoni kwa hongo na mitihani ya kughushi, walioshtakiwa mwanzoni walikuwa 50 na wazazi wakafungwa. Sisemi wakala wenu ni kama huyo, simjui. Nasema mwambie akuandikie kwenye karatasi ni vyuo vipi, nani anaandika esei, na ukikosa hela inarudi au hairudi, halafu uone kama atakubali kusaini. Ushauri wa kuomba vyuo vya Marekani unapatikana bure kwenye ofisi za EducationUSA, ni mtandao wa serikali yao na upo nchi nyingi.

Na hela kwa ujumla, kuna kitu kwenye orodha yako ya vinane nahisi hukukiangalia. MIT wakiamua kukuchukua hawaangalii kama unaweza kulipa, hata kama unatoka nje, na wakikuchukua wanafidia pengo lote la familia yako kwa mujibu wa hali yenu. Harvard, Yale, Princeton na Amherst nao hivo hivo. Vyuo vingi vingine sivyo, kwa mwanafunzi wa nje wanaangalia uwezo wa kulipa kabla ya kuamua, na ukiomba ufadhili kamili nafasi inapungua. Kwa hiyo vyuo vinane vyenye jina sio vitu vinane vinavyofanana. Pitia kila kimoja, kwenye kurasa zao za msaada wa fedha, andika pembeni wanafanyaje kwa wanafunzi wa nje. Unaweza ukajikuta orodha imebaki ya vinne.

Sasa hili la kukaa au kwenda. Umeliweka kama milango miwili, ukifungua mmoja mwingine unajifunga. Angalia kalenda kwanza. MIT wana awamu mbili, ya mapema inafungwa Novemba 1 na majibu yanatoka katikati ya Desemba, ya kawaida inafungwa mwanzoni mwa Januari na majibu yanatoka katikati ya Machi. Ile ya mapema haikufungi, ukipokelewa huna lazima ya kwenda. Maana yake unaweza kuwa umeanza chuo cha nyumbani na bado fomu yako iko kule inasomwa. Kinachobadilisha mambo ni muda: kwa MIT anayehesabiwa kuwa anahamia ni aliyekwisha maliza angalau mwaka mmoja wa chuo, na wanaopokelewa kwa njia hiyo kila mwaka ni wachache sana. Wewe utakuwa ndo kwanza uko semista ya kwanza. Waandikie barua pepe ofisi ya udahili, uwape tarehe zako zote, uliza utahesabiwa kundi gani, na hilo jibu ulitunze. Wanajibu, usiogope, na kuuliza hakukupunguzii chochote.

Njia hiyo ina uchungu wake lakini. Semista ya kwanza ya uhandisi sio mchezo, na we utakuwa na SAT, esei, fomu za fedha zinazohitaji taarifa za kipato cha mama, yote usiku. Ukianguka kwenye masomo ya chuo umejiumiza sehemu mbili. Na ukipokelewa kule, ada uliyolipa hapa imekwenda.

Kukaa nyumbani mwaka mzima nako kuna faida zake, sitaki kukudanganya. Utapata muda wa ile 610, utaliendeleza daftari, huenda ukafanya kitu cha pili kikubwa zaidi. Ila jiulize huo mwaka utasimama juu ya nini. Ukisimama juu ya barua moja ya Machi, na kundi lako ni wawili kwa mia, basi ni mwaka mrefu sana wa kuamka asubuhi. Ukisimama juu ya kitu ambacho utafurahi kukifanya hata barua ikija na hapana, hapo ni mwaka wa aina nyingine. Na kabla ya yote ulizia chuo cha hapa kama wanakubali kukutunzia nafasi kwa mwaka mmoja, kwa maandishi. Watu wengi hawaulizi kabisa wanadhani jibu ni hapana.

Halafu kuna njia ambayo hukuitaja na naona ni kwa sababu ndoto yako iliingia ukiwa mdogo, ukaiona kwa umbo moja tu. Watu wengi wa sayansi wanafika kwenye hizo maabara kubwa baada ya shahada ya kwanza waliyoichukua kwao. Kwenye shahada ya uzamivu ya sayansi na uhandisi Marekani, ada mara nyingi inalipwa na unapewa posho ya kuishi, kwa sababu unafanya kazi ya utafiti. Kuna AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, uzamili wao unafadhiliwa kikamilifu. Kuna chuo cha KAUST cha Saudi Arabia ambacho kinachukua watu wa uzamili na uzamivu na kinafadhili wengi wao. Kwa shahada ya kwanza kuna KAIST ya Korea Kusini, masomo mengi kwa Kiingereza na wana ufadhili wa wageni. ETH Zurich ya Uswisi wengi waliikimbilia kwa sababu ada yake ilikuwa ndogo, ila toka 2025 wanafunzi wapya wa nje wanalipa mara tatu ya ile ya zamani, na shahada ya kwanza pale ni kwa Kijerumani, ujue mapema. Sikutajii hizi ili uiache MIT. Umeandika kwamba ukienda chuo cha hapa "ndo nimejifungia mlango", na hilo ndo neno ninalolitilia shaka zaidi kwenye barua yako yote. Kumbuka pia viza ni mtihani mwingine peke yake, na masharti ya Marekani yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo hata aliyepokelewa bado ana hatua mbele.

Nirudi kwa mama, ambaye nilianza naye.

Unaogopa kumwambia kwa sababu unadhani utamnyang'anya furaha. Nataka uangalie upya ile siku. Alikaa kitandani, akanyamaza, ndo akasema. Mi sidhani alikuwa anaifurahia namba. Mama yako hajui ile 4.5 ilitoka wapi, alichokiona ni mwanawe amekaa mbele ya kompyuta anajiamini, labda mara ya kwanza kwa muda mrefu. Hicho hakifutiki ukimwambia hesabu ilikuwa na kosa. Kitakachomuumiza zaidi ni kuja kujua baada ya hela ya mdogo wako kuondoka kwamba ulikuwa unajua, na we umeshajua toka wiki iliyopita.

Ningekuwa wewe, na ni mawazo yangu tu, ningefungua ile ile Eksel mbele yake. Ningeiondoa ile rangi ya kijani. Ningemwambia, mama hii hesabu niliikosea hapa na hapa, nafasi ni ndogo sana kuliko nilivyokwambia, bado nataka kujaribu, na kujaribu kwenyewe hakuhitaji dola 1,500. Halafu ningenyamaza nimwachie nafasi aulize. Anaweza akakasirika. Anaweza akasema wakala ni riziki mnaikataa. Kama ni mzito kusikia kwako, mjomba anayekuita kichwa unaweza kumpa hii kazi ya kukaa nanyi, manake sifa anazotoa zina uzito pale nyumbani. Kuhusu mama zako wadogo na wakubwa na wale wote walioambiwa 86, waache kwanza, hiyo ni habari ya mama kuwaambia akiwa tayari, sio ya kwako.

Mwisho wa mwezi ni wa wakala, sio wa kwako. Wa kwako ni wiki saba, Novemba 1 na mwanzoni mwa Januari, hizo ziandike ukutani. Wiki hii fanya mawili tu, barua pepe kwa ofisi ya udahili na mazungumzo na mama. Mengine yatakuja.

Na uniandikie tena, kwa sababu kuna kitu hukunimalizia. Ulisema uligundua ni mashine ya fundi wa nyumba ya tatu, ukaishia hapo. Ulimwendea? Ulimwonyesha daftari? Alisemaje?